Kuongeza washtakiwa kesi ikiwa katikati: maswali yenu

Wengi mmeuliza kuhusu India, kile kifungu cha 319 cha sheria ya mwenendo wa jinai ya 1973, kinachompa jaji mamlaka ya kumwongeza mtu kwenye kesi inayoendelea. Tangu tarehe 1 Julai 2024 ni kifungu cha 358 cha sheria mpya, BNSS, ila kesi zilizokuwa zimeshaanza zinamalizikia kwenye ile ya zamani.

Wakili, polisi walinichunguza wakanitoa kwenye mashtaka. Nimepona?

Hapana. Polisi sio jaji. Ushahidi ukikugusa mahakamani unaitwa, na unaweza kukamatwa.

Jirani yetu ametajwa kwenye taarifa ya kwanza polisi, mbona jaji hamwongezi?

Jamani, swali hili linarudi kila siku na jibu halibadiliki! Kutajwa polisi sio ushahidi. Majaji watano wa Mahakama ya Juu walishalimaliza hili Januari 2014 kwenye kesi ya Hardeep Singh: mtu anaongezwa kwa ushahidi uliotolewa mbele ya mahakama, yale ya kwenye faili la polisi yanakuja kuutia nguvu tu.

Tusubiri mpaka shahidi aulizwe maswali na upande wa utetezi?

Sio lazima, ushahidi wake wa awali unaweza kutosha.

Mume wangu ana kesi ya kunipiga. Nataka mama mkwe na mawifi nao waunganishwe, dada yangu atawataja akitoa ushahidi.

Pole sana dada kwa yaliyokukuta, lakini hapa nitasema ukweli hata kama utaniudhikia. Atawataja wamefanya nini? Shahidi akisema "wifi yake ndo alimshika mikono mlangoni, mama mkwe wake akafunga mlango kwa ufunguo", hapo jaji ana kitu cha kushika. Akisema "walikuwepo wote", hana kitu, maana kipimo kiko juu kuliko kile cha kumsomea mtu mashtaka, ingawa hakifiki kile cha kumtia hatiani, na majaji wenyewe wamesema mamlaka haya yatumike kwa nadra. Nachukia sana hii tabia ya kukokota ukoo mzima mahakamani, kesi ya mume inachelewa miaka, bibi wa watu anahangaika na dhamana, na wewe uliyeumizwa kweli ndo unazidi kusubiri. Na usimfundishe dada yako cha kusema, akibanwa maswali ataangusha hata kesi ya mume.

Hukumu imeshasomwa, bado mtu anaweza kuongezwa?

Mahakama ya Juu ililijibu hili Desemba 2022, kesi ya Sukhpal Singh Khaira: kama kuna aliyepatikana na hatia, amri ya kumwongeza mtu itoke kabla adhabu haijatangazwa. Kama washtakiwa wanaachiwa, itoke kabla ya tamko la kuwaachia. Mmechelewa, basi tena.

Nimeongezwa juzi, mashahidi wengi wameshamaliza. Ushahidi wao unanihusu?

Kwako wewe kesi inaanza upya na mashahidi wanasikilizwa tena, sheria imesema hivyo wazi. Kuna mawakili watakwambia ukubali ule wa zamani ili mambo yaende haraka. Usikubali, dai mashahidi waitwe uwaulize maswali mwenyewe kupitia wakili wako.