Data ya vihisi na kamera za ghalani: itumie hivi, ilinde hivi

Ndugu, umeuliza ufanye nini na data ya vihisi vya joto na kamera zilizofungwa ghalani, na uilindeje. Anza na uamuzi mmoja unaotaka kuufanya vizuri zaidi. Kwa mfano, joto la chumba cha baridi likipanda kidogo kidogo kila siku ilhali mlango haufunguliwi kuliko kawaida, huenda kompresa, yaani mashine inayoendesha upoozaji, inachoka. Fundi aitwe kabla mzigo haujaharibika. Data isiyosaidia uamuzi wowote usiihifadhi, hasa picha za watu.

Kuhusu usalama, nakusihi ubadilishe leo hii nywila zote zilizokuja na vifaa. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka mamia ya maelfu ya kamera, ruta na vifaa vingine kwa kujaribu tu nywila za kiwandani. Oktoba mwaka huo vikatumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyosaidia kompyuta kupata anwani za tovuti nyingi, na tovuti kubwa kama Twitter zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Vifaa vyako vipe mtandao wao, mbali na kompyuta za uhasibu. Data isafiri ikiwa imesimbwa, yaani imefichwa ili mwingine asiweze kuisoma. Na kabla hujanunua vingine, muulize muuzaji atatoa masasisho ya usalama hadi lini. Akibabaika, tafuta mwingine.