Nilikuwa Nambari 9

Jumanne iliyopita nilikuwa nimeinamia meza ya kukatia, napima marinda ya sketi za shule, simu ikatetemeka juu ya kitambaa. Ulikuwa ujumbe wa msomaji, binti wa miaka ishirini na kitu kutoka Kayole, hapa Nairobi. "Auntie, habari ya jioni. Chama kimeniahidi nambari 4 kwenye orodha ya Bunge la Taifa 2027. Wanataka elfu themanini ya kunishikia nafasi. Nitume?"

Niliweka makasi chini. Alikuwa anasema ile orodha ya majina ambayo kila chama hutoa kwa viti vya kuteuliwa, vile visivyopigiwa kura. Niliusoma ule ujumbe mara tatu, na kila mara nilijiona mwenyewe mwaka 2022, bahasha ya kaki kwapani, napanda ngazi za makao makuu ya chama kwa sababu lifti ilikuwa imekufa. Jina la chama naliacha. Anayenijua anakijua, asiyenijua hakimhusu.

Kwa miaka sita nilikuwa mtu wao mtaani. Mikutano ya akina mama ni mimi. Hema na viti vya plastiki ni mimi. Mgombea akija mtaani kwetu Umoja, mimi ndiye niliyehangaika kutafuta mahali pa kuweka spika ambapo polisi hawatasumbua. Usiku wa mchujo nilikaa kituoni hadi saa tisa nikilinda masanduku, na asubuhi nikafungua duka kama kawaida. Sikulipwa, na sikudai. Nilijua malipo yangu yako njiani: siku moja nitaitwa mheshimiwa. Na wewe unayesoma hapa usijifanye huna hamu hiyo. Ungekuwa huna, saa hii ungekuwa unasoma mapishi.

Basi nikafika pale juu natweta. Karani alikuwa kijana mdogo mwenye tai nyembamba, mbele yake mafungu mawili ya fomu.

"Mama, Seneti au Bunge la Taifa?"

Nilicheka. Seneti? Kichwani mwangu Seneti ilikuwa baraza la wazee wa kuulizana habari za mvua na kaunti. Mimi nilitaka Bunge lenyewe, lile la kelele. "Bunge," nikamwambia.

"Una uhakika?"

Kijana wa watu alikuwa ananiokoa, nami nikamkata jicho. Nikalipa elfu hamsini. Risiti nikaambiwa itakuja, na bado naingoja.

Wiki hiyohiyo nikajishonea suti. Nilitafuta kitambaa cha samawati iliyokolea pale Eastleigh, bitana ya hariri, vifungo nikavifunika kwa kitambaa chenyewe kimoja kimoja usiku, watu wakiwa wamelala. Mume wangu akaniuliza ni ya harusi ya nani. Nikamwambia ni ya kuapishwa. Akanyamaza, na mtu wangu akinyamaza vile huwa na maana yake.

Miezi ya katikati naiacha, ilikuwa simu zisizoshikwa na "kesho mama, kesho." Nakupeleka moja kwa moja siku ambayo orodha za vyama zilitoka gazetini. Nilikuwa kwa kibanda cha chai karibu na duka, mandazi mkononi, nikishuka na kidole kwenye yale maandishi madogo kama chawa. Nambari 9. Majina yangu yote matatu, yameandikwa sawasawa. Orodha ilikuwa ya watu 12, na viti vya kuteuliwa katika Bunge la Taifa ni 12. Tisa ni ndogo kuliko kumi na mbili. Nimeingia! Nilinunulia kibanda kizima chai na chapati, hata watu wa boda waliokuwa wamesimama nje.

Ndiyo, najua. Cheka umalize, tuendelee.

Aliyeniamsha ni shemeji yangu, mwalimu wa hesabu. Alikuja jioni kunipongeza, akachukua lile gazeti, akatoa kalamu na kuanza kuandika pembeni mwa ukurasa. "Dada, hivi viti 12 ni vya vyama vyote, si vya chama chako peke yako." Kisha akanipigia hesabu ambayo tangu siku hiyo nimeikariri kama Baba Yetu.

Bunge la Taifa lina wabunge 290 wa maeneobunge na Wawakilishi wa Wanawake 47, mmoja kila kaunti. Hao 337 ndio wanaopigiwa kura. Wale 12 wa kuteuliwa wanagawiwa vyama kulingana na wabunge ambao kila chama kimeshinda. Jumla 349, na Spika anatimiza 350. Sasa chukua 337 ugawanye kwa 12. Unapata 28 na chembe. Maana yake chama kinahitaji wabunge kama 28 wa kuchaguliwa ili kupata kiti kimoja tu cha kuteua. Nambari 2 inataka wabunge 56 au karibu na hapo. Nambari 9 inataka 252.

Wabunge 252! Katika Bunge hili la 13, lililochaguliwa tarehe 9 Agosti 2022, hakuna chama hata kimoja kilichofika wabunge 150 wa kuchaguliwa. Nilikuwa nimekufa kabla ya kura ya kwanza kupigwa, na waliniweka pale wakijua. Nambari 9 si nafasi, ni kadi ya rambirambi. Wanakupa ili uendelee kubeba viti vya plastiki mpaka Agosti.

Kilichoniuma zaidi ni cha Seneti, na hapa ndipo ningependa binti wa Kayole asome polepole. Seneti ina viti 47 vya kuchaguliwa. Juu yake kuna wanawake 16 kutoka orodha za vyama, vijana wawili na watu wawili wenye ulemavu, mwanamume na mwanamke kila kundi. Ni 67, na Spika wao Amason Kingi ni wa 68. Gawanya 47 kwa 16: takriban maseneta watatu wanazaa kiti kimoja cha mwanamke. Watatu, ndugu yangu, si ishirini na wanane. Tena orodha ile ni ya wanawake watupu. Ya Bunge la Taifa inapokezana mwanamke na mwanamume, na juu yangu walikuwa wanaume wanne. Ukiwatoa, nilikuwa mwanamke wa tano. Mwanamke wa tano Seneti anahitaji chama chake kishinde maseneta 15 hivi. Sisemi ningeingia. Ila 15 ni mlango mwembamba, na 252 ni ukuta uliochorwa mlango.

Na mimi ndiye niliyemkata jicho yule kijana.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: piga hesabu ya viti. Usihesabu marafiki ulio nao chamani, wala selfi ulizopiga na kiongozi. Hesabu viti.

Ushauri wa pili ni huohuo, ila kwa wanaotaka kupigiwa kura. Hapa Nairobi tuna maeneobunge 17. Mwaka 2022 mwanamke aliyeshinda ni mmoja tu, Beatrice Elachi wa Dagoretti Kaskazini. Sasa angalia alikopitia. Alikuwa seneta wa kuteuliwa kuanzia 2013, kisha Spika wa Bunge la Kaunti ya Nairobi, ndipo akaomba kura za eneobunge. Aliingia kwa ule mlango niliokuwa nikiucheka. Karen Nyamu naye alikuwa anautaka useneta wa Nairobi, akaishia Seneti kupitia orodha ya UDA, chama cha Rais Ruto, na leo anaitwa seneta sawa na Edwin Sifuna aliyepigiwa kura jiji zima.

Wanaume wa Nairobi nao, tazama walikuwa nani kabla. Jalang'o wa Lang'ata alikuwa mtangazaji na mchekeshaji. John Kiarie wa Dagoretti Kusini, mchekeshaji vilevile. Peter Orero wa Kibra alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya upili. Babu Owino wa Embakasi Mashariki alitokea uongozi wa wanafunzi chuo kikuu. Ronald Karauri wa Kasarani, rubani na bosi wa kampuni ya kamari, alishinda bila chama chochote, mgombea huru. Kila mmoja alikuwa na watu wake kabla ya kuwa na kadi ya chama. Mimi watu wangu nilikuwa nimewakusanyia chama, halafu chama kikawachukua. Huo ukweli nimeumeza kwa miaka minne na bado haujashuka wote.

Kama unafikiria njia ya mgombea huru, sheria inakutaka uwe na wapiga kura 1,000 wa eneobunge lako wanaokuunga mkono, na usiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Ada ya tume ya uchaguzi 2022 ilikuwa shilingi 20,000 kwa ubunge, nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ona hiyo 10,000, kisha ujiulize hiyo elfu themanini ya kushikiwa nafasi inaenda wapi.

Halafu usisahau bunge la kaunti. Kule sheria inalazimisha jinsia moja isizidi theluthi mbili, kwa hiyo wanawake wakikosa kushinda wadi, viti maalum vinaongezwa mpaka hesabu itimie. Bunge la Taifa halina nyongeza hiyo. Ndiyo maana hata ukijumlisha Wawakilishi wa Wanawake, waliochaguliwa maeneobunge na wa kuteuliwa, bado hawafiki 117, ambayo ndiyo theluthi yenyewe. Jaji Mkuu wa wakati huo, Maraga, aliandika ushauri wa Bunge kuvunjwa kwa sababu hiyo mwezi Septemba 2020. Halikuvunjwa. Liliisha muda wake kwa raha zake, na hili lililofuata likaingia na pengo lilelile.

Kitu kingine: ujue chama chako kinalala upande gani, maana kinaweza kuhama nawe umelala ndani. Tulipiga kura Agosti tukijua vyama vya UDM na PAA viko Azimio, muungano uliomsimamisha Raila Odinga. Ilipofika tarehe 6 Oktoba 2022, Spika wa Bunge la Taifa, Wetang'ula, aliamua kwamba Kenya Kwanza, muungano wa Rais Ruto, ndiyo wengi, 179 kwa 157, kwa sababu vyama vinne vidogo vilikuwa vimevuka na wabunge wao. Zaidi ya miaka miwili baadaye, Februari 2025, Mahakama Kuu ikasema uamuzi ule ulikiuka Katiba. Hayo ndiyo maji unayotaka kuogelea.   

Watu huniuliza kama nilifarijika kukosa, baada ya tarehe 25 Juni 2024. Siku ile 195 walipitisha Mswada wa Fedha na 106 wakaukataa, na vijana waliokuwa wakiandamana kuupinga wakaingia Bunge. Nilikuwa dukani, mlango nimeufunga nusu, moshi unasikika mpaka kooni ukishuka mjini. Nilisema kwa sauti, "Mimi ningepiga la." Fundi wangu akaniangalia, akarudi kwenye cherehani yake. Sikuendelea. Ni rahisi sana kupiga la ukiwa umeshika pasi ya makaa.

Lakini vijana, mnisikilize. Kiti cha kuteuliwa hakina CDF, zile fedha za maendeleo ya eneobunge. Hakina ofisi ya eneobunge wala basari za kugawa. Ndugu watakuja na kadi za harambee vilevile. Na kikitoka kwa chama, chama kinajua kilikotoka, kitakukumbusha kila siku ya kupiga kura. Ukienda, nenda ukijua unabeba nini. Na kabla ya kwenda, hesabu viti.

Binti wa Kayole nilimjibu usiku ule. Nilimuuliza chama chake kilipata wabunge wangapi 2022. Akaandika: "Mmoja, Auntie." Nikamtumia hesabu: nambari 4 ni 28 mara 4, ni 112. Zile alama mbili za buluu zikatokea, kisha kimya cha dakika kama kumi hivi.

"Na Seneti?"

Nikamwambia aende aulize fomu ya Seneti, alipe kwa risiti, na orodha ikitoka asinunulie mtu chai mpaka nimeiona. Nilikuwa naandika nimesimama mbele ya kabati. Ile suti bado iko pale ndani ya mfuko wake wa nailoni, haijawahi kutoka nje ya nyumba. Nimeipanua kiunoni mara mbili tangu 2022, na mwezi uliopita mume wangu alinikuta naipiga pasi.