Usianze na Swali la Kazi: Ushauri kwa Anayekwenda Kufanya Utafiti Dar es Salaam

Dodoso la kwanza nililobeba kwenda uwandani lilikuwa na kurasa kumi na nne, na swali lake la tisa liliuliza: “Unafanya kazi gani?” Nilikuwa Tandale, asubuhi, nimeketi juu ya ndoo iliyofudikizwa mbele ya mama mmoja aliyekuwa akigeuza vitumbua. Akanijibu bila kuinua macho, “Sina kazi, mwanangu, nipo tu.” Nikaweka alama ya vema kwenye kisanduku cha “hana kazi” na kuendelea na swali la kumi, huku wateja wakija na kuondoka na vitumbua vyao kwenye karatasi. Kabla hatujamaliza, kijana mmoja alisimamisha pikipiki, akamkabidhi noti kadhaa, akaenda zake. Jirani naye akapita kuacha mchango wake wa upatu, maana mama yule ndiye aliyekuwa kijumbe, yaani mkusanyaji wa michango ya upatu. Yote hayo niliyaona kwa macho yangu, na bado sikulifuta jibu, kwa sababu ofisi iliyotuajiri ilitulipa kwa idadi ya madodoso, na kila dakika ya kuhakiki ilikuwa inapunguza posho yangu.

Imepita miaka mingi tangu siku hiyo, na tangu wakati huo nimefanya tafiti zangu mwenyewe kuhusu kazi, uhamaji na matumizi ya simu katika jiji hili. Kama unajiandaa kuandika tasnifu, au umeajiriwa kukusanya takwimu za mradi, nakusihi ulifute swali lile, au walau ulisogeze mwisho kabisa wa mazungumzo.

Mama wa Tandale hakunidanganya. Katika Kiswahili cha mitaa yetu mtu “ana kazi” akiwa na mwajiri na mshahara wa mwezi. Vinginevyo ana shughuli, ana biashara ndogo, anafanya vibarua, anahangaika, au yupo tu. Kwa wazee kuna jambo la ziada ambalo vijana wanaotoka vyuoni hawalijui. Mwaka 1983 serikali iliendesha kampeni ya Nguvu Kazi, ambayo ilikusudia kuwaondoa mijini watu walioonekana hawana kazi na kuwapeleka kwenye uzalishaji vijijini, na mtu aliyeshindwa kuthibitisha ajira yake aliweza kukamatwa barabarani. Mzee aliyekuwa kijana wakati huo, anapoulizwa kazi yake na mgeni mwenye kalamu na karatasi, hupima kwanza swali linatoka wapi. Mmachinga aliyehamishwa kutoka kando ya barabara mwaka 2021 hupima vivyo hivyo, na sidhani kama tuna haki ya kumlaumu.

Hata wataalamu wenyewe hawakubaliani. Kwa kipimo cha kimataifa, mtu aliyefanya shughuli ya kumwingizia kipato kwa muda wa saa moja tu katika wiki iliyotangulia huhesabiwa kuwa ameajiriwa, ilhali tafsiri ya kitaifa inayotumiwa katika tafiti za nguvu kazi hapa nchini ni kali zaidi na huwaweka kando watu ambao kazi yao haina uhakika. Maana yake ni kwamba mbeba zege yuleyule anaweza kuwa na ajira katika jedwali moja na kuikosa katika jedwali linalofuata, bila maisha yake kubadilika hata kidogo. Kabla ya kunukuu kiwango chochote cha ukosefu wa ajira, tazama kwanza ni tafsiri ipi iliyotumika.

Badala ya kazi, anza na jana. Mwombe mtu akusimulie siku ya jana tangu alipoamka mpaka alipolala: alitoka saa ngapi, alikutana na nani, fedha ya kwanza iliingia mkononi saa ngapi na ilitoka kwa nani, na ya mwisho ilikwenda wapi. Usimkatize ili kuuliza “hiyo ni sekta gani”. Sekta utaipanga mwenyewe usiku ukiwa nyumbani. Ikiwa jana ilikuwa Jumapili, msiba au siku ya mvua, uliza pia juzi, lakini usiitupe siku ya mvua, kwa sababu kwa watu wengi wa mji huu mvua ni mwajiri au mfukuzaji kazi.

Kijana mmoja wa kijiwe cha Mbagala Rangi Tatu alijitambulisha kwangu kuwa dereva wa bodaboda, na kwa dodoso la kawaida angeishia kwenye safu ya usafirishaji. Aliposimulia jana yake, ilionekana kwamba alfajiri alipeleka wanafunzi wawili shuleni kwa malipo ya mwezi, saa tatu akamwachia pikipiki deiwaka, yaani dereva wa kushikilia kwa muda, akaenda Chamazi kusaidia fundi kwenye nyumba inayojengwa, jioni akaichukua tena pikipiki na kuzunguka nayo hadi saa nne usiku. Pikipiki haikuwa yake; alikuwa kwenye mkataba, yaani anapeleka hesabu kwa tajiri kila siku mpaka muda waliokubaliana uishe ndipo chombo kiwe chake. Nilipomuuliza hesabu ya jana ilitoka wapi, alicheka: ilitoka kwenye zege. Wiki hiyo abiria walikuwa wachache, kwa hiyo ujenzi ndio uliokuwa ukilipia usafirishaji. Sijawahi kuona jedwali lenye nafasi ya sentensi hiyo, na ndiyo iliyonifundisha kwamba katika mji huu kipimo kinachofaa ni siku ya mtu pamoja na fedha zinazopita ndani yake, na kwamba jina la kazi mara nyingi ni vazi tu analolivaa mbele ya mgeni.

Tahadhari hiyohiyo inahitajika zaidi tunapofika kwenye teknolojia, ambako watafiti wengi hupenda maswali mepesi. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, tumezoea kuuliza, “Je, una simu? Je, ni simujanja? Je, unatumia huduma za fedha kwa simu?” Majibu huja ya ndiyo na hapana, na ripoti huandikwa. Lakini laini huenda imesajiliwa kwa alama za vidole vya shemeji, kwa sababu mwenye simu hakuwa na kitambulisho cha taifa wakati usajili ule ulipokuwa ukikamilishwa mwaka 2020. Bibi asiye na simu kabisa hupokea fedha za mwanawe kupitia kwa wakala wa jirani anayemfahamu kwa jina. Dereva aliyejiandikisha kwenye programu ya usafiri huitumia kumpata abiria, kisha wawili hao wakaelewana bei pembeni na safari ikafutwa. Ukizitegemea kumbukumbu za kampuni, safari hiyo haikuwahi kuwapo. Kwa hiyo uliza simu ni ya nani, nani anajua namba ya siri, nani huisoma mesiji inapoingia, na jana iligusa fedha mara ngapi.

Hapo nina kosa langu la kuungama. Ujumbe wa miamala ni daftari la hesabu ambalo mtu hulibeba bila kujua, na nilipogundua hivyo nilivamia kwa pupa. Nilimwomba muuza mitumba mmoja anipe simu yake, nikaanza kuzipitia mesiji mwenyewe, kidole kikishuka haraka kuliko akili. Nikafika kwenye ujumbe wa wakopeshaji wa aina ile ambayo watu huiita kausha damu, wenye vitisho vya kuwapigia ndugu zake simu. Mkewe alikuwa ameketi pembeni yetu na hakuwa na habari. Kijana akaichukua simu yake taratibu, akasema ana mteja anamsubiri, na mahojiano yakafa. Tangu siku hiyo sishiki simu ya mtu. Mwenye simu huisoma mwenyewe, ananitajia kiasi na mwelekeo tu, kimeingia au kimetoka, na anaruka chochote anachotaka kuruka bila kunieleza sababu. Siku hizi tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, na mtafiti anayepiga picha skrini za watu ajue kwamba anacheza na jambo lenye mkono wa sheria.

Kuhusu uhamaji, swali linalopotosha ni “Kwenu wapi?” Mtu aliyezaliwa Temeke na ambaye hajawahi kulala nje ya Dar es Salaam hata wiki mbili atakujibu kwamba kwao ni Lindi au Kigoma, kwa maana ya kwa babu yake, na hatakuwa amekosea. “Ulihamia lini?” nalo linadai kwamba kuhama ni tendo moja lenye tarehe. Mwaka 1970 John Harris na Michael Todaro walieleza kwamba mtu huhama akilinganisha kipato cha shamba na uwezekano wa kupata mshahara mjini. Ni hoja yenye nguvu, ila kwa wengi niliozungumza nao safari ya kwanza haikuwa na hesabu yoyote: shangazi alikuja msibani, akasema anahitaji mtu wa kumsaidia nyumbani, na binti wa miaka kumi na mitatu akapandishwa basi. Hesabu zilianza baadaye, baada ya yeye kurudi kijijini kumuuguza mama yake, kwenda tena Morogoro kwa ndugu mwingine, na kufika mjini kwa mara ya pili kwa nauli yake mwenyewe. Hiyo ya pili ndiyo anayoiita “kuja Dar”.

Ili kuzipata safari zote, chora mstari wa maisha kwenye karatasi kubwa na uulize mtu alikuwa akilala wapi. Miaka ikisahaulika, tumia kalenda ya matukio. Ulikuwa wapi wakati wa mvua za El Niño, mwaka 1997 kuelekea 1998? Ulikuwa wapi Mwalimu Nyerere alipofariki mwaka 1999? Mtu wa Kanda ya Ziwa anakumbuka vizuri alipokuwa MV Bukoba ilipozama Mei 1996. Mtu wa Mbagala hawezi kusahau mabomu ya Aprili 2009, wala wa Gongo la Mboto yale ya Februari 2011. Ila matukio haya yana majeraha. Nilimuuliza mama mmoja kuhusu MV Bukoba kana kwamba namuuliza tarehe ya sikukuu, akanyamaza kwa muda mrefu mpaka nikaelewa. Siku hizi huanza na matukio mepesi, kama vile kufunguliwa kwa daraja la Kigamboni au kuanza kwa mabasi ya mwendokasi, yote mawili ya mwaka 2016.

Swali la kulala linafaa pia kwa anayetafiti maendeleo ya kanda. Sensa ya 2012 iliuhesabu mkoa wa Dar es Salaam kuwa na watu 4,364,541, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Kasi ya ongezeko ilishuka kutoka asilimia 5.6 kwa mwaka katika muongo uliotangulia hadi 2.1. Nimewahi kusoma rasimu ya mwanafunzi iliyohitimisha kwamba jiji limepoteza mvuto. Angetazama mkoa jirani angeona kwamba Pwani ilipanda kutoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947 katika kipindi kilekile. Sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, na watu wamekwenda kulala Vikindu, Mlandizi na Kibaha, kwenye viwanja vya bei wanayoiweza, huku asubuhi wakirudi Kariakoo kama kawaida. Jiji limeuvuka mpaka wake wakati takwimu zimebaki ndani ya mpaka. Wengine hawarudi tena, kwa sababu viwanda navyo vimewafuata kwenye barabara ya Kilwa na ile ya Morogoro. Tangu treni ya reli ya kisasa ilipoanza kubeba abiria hadi Morogoro na Dodoma mwaka 2024, nimeanza kukutana na watu wenye vitanda viwili, kimoja huku na kingine kule, na sijui bado niwaandike wapi. Ushauri wangu ni kwamba usiifunge sampuli yako kwenye mpaka wa mkoa. Mfuate mtu mpaka anapolala, hata kama nauli haimo kwenye bajeti.

Kuhusu taratibu nitasema machache. Barua ya chuo itakupeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata na wa mtaa; usiruke ngazi, na tenga wiki kadhaa. Ukiambatana na mjumbe kila nyumba utafunguliwa milango, lakini utajibiwa kama serikali, kwa hiyo mwombe akutambulishe siku ya kwanza na urudi peke yako siku ya pili. Mama lishe usimwendee saa saba mchana. Dereva wa bodaboda anapatikana baina ya saa nne na saa sita, abiria wanapopungua, na kama umemchukua saa nzima, mlipe thamani ya saa hiyo.

Na urudi na matokeo. Mimi nilirudi Tandale baada ya miaka, si kwa ajili ya mradi ule wa zamani bali kwa utafiti wangu, na mama wa vitumbua alikuwa bado yupo, amekonda kidogo, pikipiki zake zimekuwa mbili. Baada ya kunisimulia jana yake nilimsomea nilichoandika, mstari kwa mstari: vitumbua, hesabu za vijana wawili, fedha aliyomtumia dada yake Kondoa. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza, “Na ukijumbe mbona hujauandika? Hiyo ndiyo inayonitoa jasho.” Nikaomba kalamu kwa mjukuu wake, kwa kuwa yangu ilikuwa imekwisha wino, nikauandika.