Kijani hakishiki kwenye jicho jeusi
Dada, umeuliza kwa nini macho ya bibi harusi hayageuki kijani unapohariri picha yake kwenye programu kama Photoshop; hujakosea kupaka kijani kwenye tabaka jipya (layer) juu ya picha. Modi ya Color, yaani namna uliyochagua tabaka lichanganyike na picha ya chini, hubadili rangi tu, weusi wa chini haiugusi, ndiyo maana macho yake yamebaki meusi. Na picha ya saa saba mchana hapa Dodoma, jua liko utosini, nyusi zimetia kivuli machoni! Chagua lile duara la kahawia peke yake, liongezee mwanga kwa Curves (zana ya kurekebisha mwanga), ndipo upake. Mboni ya katikati iache nyeusi. Kile kinukta cheupe cha mng'ao usikiguse kabisa, ukikifuta jicho linakuwa kama la sanamu. Rangi ikizidi, punguza opasiti (uzito wa rangi) ya tabaka hadi mishipa ya kahawia ionekane kwa chini.