Foleni ya ujumbe imeisha muda: angalia hali yake kabla ya kufungua mpya

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nipo Kigoma mjini, natunza mfumo wa oda za dagaa wa Kibirizi. Oda hupita kwenye foleni ya RabbitMQ, yaani programu inayopokea ujumbe na kuushikilia hadi programu nyingine iuchukue, tunayoilipia kila mwezi kwenye wingu (seva za kukodi mtandaoni). Kadi ya benki ya bosi iliisha muda, malipo yakakwama, na tangu juzi programu haziunganishi. Nifungue foleni mpya au hii inarudi? Na oda za siku hizo mbili ziko wapi?

JIBU: Marahaba. Usifungue mpya kabla hujaingia kwenye akaunti ukaona hali ya ile ya zamani. Kama imesimamishwa tu, bado ni yenu. Watoa huduma wengi huacha siku kadhaa kabla ya kufuta, na idadi yake imo kwenye masharti yao. Wekeni kadi mpya, lipeni leo leo. Ikishaamka, anzisha upya programu zako zote, maana nyingine huwa zimeshaacha kujaribu na zimekaa kimya.

Kama imeshafutwa, malipo hayairudishi. Unda mpya, kisha ingiza faili la mipangilio kama uliwahi kulipakua: linarejesha watumiaji, foleni na njia zake, lakini halibebi ujumbe hata mmoja. Badilisha pia anwani ya foleni kwenye kila programu.

Sasa oda, na hapa nakuomba uwe makini sana, kwa sababu nyuma ya kila oda kuna mtu ambaye dagaa wake wanamsubiri. Zilizotumwa huduma ikiwa imefungwa hazikufika kwenye foleni kabisa. Zitafute kwenye hifadhidata ya programu inayotuma, uzitume tena. Zilizokuwa zimeshaingia kabla ya hapo zitakuwepo ikiwa huduma haijafutwa, foleni ilitangazwa kuwa ya kudumu na kila ujumbe ukawekewa alama ya kuhifadhiwa kwenye diski. Foleni za kawaida za RabbitMQ zinataka vyote viwili, kimoja hakitoshi.

Kabla ya kuwasha programu inayopokea, hakikisha kila oda ina namba yake na namba iliyokwisha kushughulikiwa inakataliwa. Huenda wateja wengine walishapiga simu wakahudumiwa juzi hiyohiyo. Bila namba, mtu atapelekewa magunia mara mbili.

Na kama mfumo haukuwa ukiandika oda popote kabla ya kuituma, shuka mwaloni na daftari, uwaulize wateja mmoja mmoja. Ukirudi, anza na kurekebisha hilo.