Niuze gitaa niingie kwenye dagaa?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mpiga gitaa hapa Mwanga, Kigoma, nina miaka 27, mke na watoto wawili. Bendi yetu ni ya watu wanne. Siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wakiwa nchi kavu na hela mfukoni, tunapiga Kibirizi hata usiku tatu mfululizo. Giza likirudi, wao wanaingia ziwani na sisi tunakaa bila senti. Juzi tulipiga sendofu Ujiji kwa makubaliano ya shilingi 80,000. Tukapewa 50,000 na pilau, tukaambiwa kamati imeishiwa. Tena kuna wimbo wetu ambao mwenye studio tuliyemlipa kauweka kwenye intaneti kwa jina lake. Mke wangu anasema niuze gitaa niingie ubia wa nyavu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Gitaa usiuze. Mimi niliwahi kubaki bila gitaa, na wala sikuliuza. Halikuwa langu tangu mwanzo.

Nimepiga solo hapa Tabora miaka 11 katika bendi moja. Haikuwa kubwa kama Tabora Jazz, wale wa mtindo wa Segere Matata, lakini msimu wa tumbaku, wakulima wa Urambo wakishalipwa, tulikuwa hatulali. Vyombo vyote, kuanzia spika hadi nyuzi, vilikuwa vya mwenye bendi. Siku moja tukamuuliza habari za hesabu ya viingilio vya mlangoni. Kesho yake tukakuta kufuli mpya kwenye stoo. Tulisimama pale uani wanaume saba, mikono mitupu. Mpiga besi wetu akaenda kuchoma mkaa Sikonge, hakushika besi tena mpaka anazikwa, na mpaka leo sijasikia mkono kama ule.

Mimi nilishona nguo barazani miaka miwili ndipo nikapata gitaa kuukuu. Uzi wa kwanza ulipokatika sikuwa na hela ya mwingine. Nikafumua waya wa breki wa baiskeli, nikachomoa unyuzi mmoja, nikaufunga. Ulinichana kidole cha shahada, na sauti yake ilikuwa kali kama bati linalokwaruzwa. Lakini usiku ule kila noti niliyotunzwa iliingia mfukoni mwangu, hakuna aliyenikata.

Sasa zile 30,000 zenu. Zilipotea kabla hamjachomeka waya. Kamati ya sherehe ina mwenyekiti na mweka hazina. Hao ndio waandike kwenye daftari lako na kutia sahihi, siyo mjomba anayekupigia simu. Nusu ulipwe siku ya makubaliano. Nusu iliyobaki uishike kabla bibi harusi mtarajiwa hajaingia ukumbini, maana keki ikishakatwa humpati hata mmoja wa kamati. Nauli ya bodaboda na kodi ya spika ziandikwe kando, zisile malipo yenu. Watakaokataa masharti hayo wapo. Waache. Najua inauma mwezi ukiwa mkavu, lakini hao ndio watakaokulipa pilau.

Kuhusu wimbo nitasema kwa mkazo, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wanaporwa. Studio uliilipa ikurekodie, haikununua wimbo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, chombo cha hakimiliki nchini, inampa mtunzi haki tangu anapotunga, na haki hiyo inadumu miaka 50 baada ya kifo chake. Watoto wako wanaweza kuila. Usajili ni ushahidi wako, basi nendeni COSOTA mkausajili. Mchukue daftari lenye maneno ya wimbo, rekodi za mazoezi zilizo kwenye simu, na stakabadhi ya studio kama mnayo. Ila kabla ya safari hiyo, kaeni nyinyi wanne mwandike nani katunga maneno, nani katunga sauti, na kila mmoja anachukua ngapi. Nimeona bendi zikivunjika kwa jambo hilo kuliko kwa njaa.

Mkeo naye hajakosea. Siku za giza ni nyingi kuliko za mbalamwezi, na watoto wanakula kila siku. Ingieni kwenye dagaa, lakini msianze na nyavu. Nunueni kidogo pale pale Kibirizi, mkaushe vizuri, mpeleke kwa treni huku Tabora ambako wanaliwa sana. Mtaji utoke kwenye usiku tatu za mbalamwezi. Mwezi una tarehe zake, unajua mapema lini utapata kazi na lini utakaa, hata Ramadhani inapokuja na sherehe zikasimama.

Leo jioni kaa naye, mfungulie daftari. Mwandikie mbele yake kila ulichopata mwezi huu, na zile 30,000 uziandike pia, kwenye mstari wa deni, na jina la mwenyekiti wa kamati. Kisha nenda Ujiji ukazidai.