Moyo wangu umepoa, nifanyeje?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Niliokoka miaka 12 iliyopita. Zamani nilikuwa naamka saa 10 alfajiri kuomba, machozi yananitoka. Siku hizi sikosi ibada, nafunga, natoa fungu la kumi, naimba kwaya, ingawa tangu mwaka jana hatusalimiani na mwenzangu mmoja kwa ajili ya hela za sare. Moyo ni mkavu. Je, nimemwacha Mungu?

Jibu: Amina, dada yangu. Aliyemwacha Mungu haumii hivi.

Soma Ufunuo 2:1-7. Kanisa la Efeso halikuwa vivu. Bwana analisifu kwa taabu na subira yake. Ndipo anasema, "umeuacha upendo wako wa kwanza." Na huu ndio mji ambao waumini wa mwanzo walichoma hadharani vitabu vya uganga vyenye thamani ya vipande 50,000 vya fedha (Matendo 19:19)!

Dawa yake ni hii: "kumbuka ni wapi ulikoanguka, ukatubu, ukayafanye matendo ya kwanza." Hakuwaagiza watafute machozi. Aliwarudisha mahali walipoangukia. Nimesoma swali lako mara mbili, dada, na habari ya sare umeipitia mbiombio, kama mtu aliyechomwa na mwiba akaendelea na safari. Sisemi ndiyo sababu pekee. Ila anzia hapo. Bwana alisema uiache sadaka mbele ya madhabahu, ukapatane kwanza (Mathayo 5:24). Hata uamsho wa Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, uliofika mpaka Bukoba, ulijulikana kwa watu kuungama, kuombana msamaha na kurudisha walichoiba.

Kuhusu maombi, Paulo alimwambia Timotheo "uichochee karama ya Mungu" (2 Timotheo 1:6). Huchochewa moto ambao bado una kaa. Bibi zetu walifukia kaa kwenye jivu usiku. Alfajiri wanafukua, wanaweka vijiti vikavu, wanapuliza taratibu. Gogo bichi baadaye. Basi usijilazimishe mikesha sasa. Chukua dakika 10, soma Zaburi 51 kwa sauti, ukifika mstari wa 12, "Unirudishie furaha ya wokovu wako", tulia hapo. Macho yakiwa makavu, omba hivyo hivyo.

Lakini kwa mwenzako nenda kabla ya Jumapili, na usiende na hesabu za sare mkononi.